Jioni ya Kisumu huanza saa kumi na moja

“Mimi ni mkaguzi wa hesabu kutoka Mombasa. Kila mwezi ofisi hunituma Kisumu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa asubuhi. Kazi kwa mteja huisha saa 11 jioni. Narudi hotelini, naoga, najibu barua pepe, na nikiinua kichwa ni saa 2 usiku. Nimeishia kula chipsi na kuku chumbani mbele ya televisheni. Wenzangu wananiambia niende kilabu, na mimi si mtu wa kilabu. Safari iliyopita nilijikaza nikaenda ufuo wa Dunga kuona ziwa. Nilifika saa 2, sikuona kitu ila giza na mbu, na samaki niliyemwagiza akaja baada ya saa nzima. Nilikasirika nikaondoka. Nimeambiwa pia kuwa mbu wa Kisumu akikuuma jioni, keshoye ni malaria, basi siku hizi Magharibi ikiingia nafunga dirisha. Niambie ukweli: kuna cha kufanya Kisumu Jumanne jioni kwa mwanamke aliye peke yake, au mji huu ni wa wikendi tu? Na mama yangu ananisumbua nimpelekee samaki wa ziwa, wakati kwetu bahari iko mlangoni.”

Dada yangu, pole na hizo chipsi. Naongoza wageni hapa Kisumu mwaka wa kumi na mbili sasa, na swali lako huletwa kwangu karibu kila wiki, ila mara nyingi huwa fupi: hapa usiku kuna nini? Wewe umenieleza jioni yako saa kwa saa, na hapo ndipo nilipouona mkwamo. Mji hauna kosa. Kosa liko katika zile saa tatu baina ya saa 11 na saa 2, unazozitumia kuoga na kujibu barua pepe. Hizo ndizo jioni yenyewe.

Nianze na jua, kwa sababu kila kitu hapa kinalifuata. Kenya nzima tunatumia saa moja, lakini jua halijui hivyo. Kisumu iko magharibi ya Mombasa kwa takriban nyuzi 5 za longitudo, na kila nyuzi moja ni dakika 4. Kwa hiyo jua likishazama kwenu, huku kwa wastani bado tuna dakika kama 20 za mwanga. Kama simu yako ina programu ya nyakati za swala, iangalie siku unayotua: utaona Magharibi imesogea mbele. Hiyo ni bakshishi unayopewa kila safari na hujawahi kuitumia.

Jambo la pili, tuko karibu kabisa na Ikweta. Mstari wenyewe unapita Maseno, hapo tu juu ya barabara ya Busia. Mchana wetu haurefuki wala haufupiki kiasi cha kutajika. Saa ya kuzama tu ndiyo inayosogea kidogo, karibu saa 12:30 mwanzoni mwa Novemba, karibu saa 1 kamili katikati ya Februari. Na jua la Ikweta huanguka wima. Likishagusa maji, unapewa dakika 20 hivi na giza limeshuka kama pazia. Ulipofika Dunga saa 2 ulikuwa umefika harusini viti vinakunjwa.

Basi geuza mpangilio. Ukitoka kwa mteja saa 11, usipite hotelini, maana ukikalia kile kitanda huondoki tena. Asubuhi tia viatu vya chini na mtandio kwenye mkoba. Laptopu yenye hesabu za watu usiipeleke ziwani. Iache kwa mteja kwenye kabati la kufungwa, au mwombe dereva mpite mapokezi uikabidhi bila kupanda chumbani. Barua pepe utazijibu saa 2 usiku, umeshiba, na nakuhakikishia utazijibu kwa upole zaidi.

Dunga iko kama kilomita 4 kutoka katikati ya mji. Tuktuk itakufikisha saa 11:30 au kabla. Na hapa nije kwa samaki wako aliyechelewa, maana nadhani ulimkasirikia mpishi bure. Samaki aliyepikwa vizuri hapa hajapikwa kabla hujafika. Lazima aparwe magamba, apasuliwe, achanjwe ubavuni, akaangwe kwenye mafuta mengi mpaka akauke asije akavunjika, kisha arudishwe kwenye sufuria na nyanya na vitunguu, ambacho ndicho menyu zetu huita “wet fry”. Ukiongeza ugali wa kusongwa papo hapo, dakika 40 zimekwisha. Jikoni likikuletea samaki kwa dakika 10, jua alikaangwa adhuhuri. Kwa hiyo anayejua huingia moja kwa moja kwa mpishi, humchagua samaki, huagiza, ndipo aende kutazama ziwa. Akirudi sahani inatoka.

Kuchagua samaki hufundishwi na mtu wa bara, najua. Jicho liwe angavu na limejaa, matamvua yawe mekundu, ukibonyeza nyama irudi. Sema tu kwamba huku majina ni mengine. Mbuta ni sangara, yule mkubwa aliyetiwa ziwani miaka ya 1950 akala karibu kila alichokikuta. Ngege ndiye tilapia. Wazee watakwambia ngege wa asili ni mwingine, amebaki wachache sana, na huyu tunayemla naye ni mgeni aliyeletwa miaka hiyohiyo ya 50. Wengi wa sahani siku hizi wamefugwa kwenye vizimba vilivyozamishwa humuhumu ziwani. Ukitaka wa mtego uliza; muuzaji mwaminifu atakuambia. Na uliza bei ukiwa umemshika samaki mkononi, si baada ya kumla.

Wakati anapikwa, nenda ukingoni. Kuna njia ya mbao iliyojengwa kuingia kwenye mafunjo. Kanyaga polepole, mbao za majini hazina ahadi. Ukitulia dakika tano utasikia ndege akiitana na mwenzake humo ndani, sauti kama ya mtu anayepiga mluzi kwa haraka. Akijitokeza utamwona: kifua chekundu cha kuwaka, utosi wa manjano. Huyo anaishi kwenye mafunjo, ukiyakata mafunjo umemfukuza. Watazamaji wa ndege husafiri kutoka Ulaya kuja kumwona, na wewe umelala kilomita nne kutoka kwake kila mwezi.

Boti? Hapa nitakuwa mkweli hata kama jirani zangu wa ufuoni watanuna. Kwa mtu wa peke yake jioni ya kazi, boti napenda iwe fupi: panda saa 11:30, shuka kabla ya saa 12:30, jua limalizie kuzama ukiwa nchi kavu. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni gugu maji. Lile jani halijashikamana na ardhi. Mizizi yake inaning'inia tu majini, kwa hiyo upepo ukigeuka, kisiwa kizima cha majani huhama. Mwaka mmoja nilitoka na wageni wawili maji yakiwa meupe kabisa, na tuliporudi mlango wa ufuo ulikuwa umezibwa. Mtambo ukajisokota majani, ukazima. Tulisukumana na miti mpaka saa 3 usiku, mgeni mmoja akilia. Kosa lilikuwa langu, nilitamani tuone jua mpaka tone la mwisho.

Sababu ya pili ni mvua. Mchana kutwa ziwa hupuliza upepo kuelekea bara. Ule unyevu ukigonga milima ya Nandi hupanda, hujenga wingu, na alasiri au jioni wingu hilo hurudi kutushukia likiwa na radi. Miezi ya Machi mpaka Mei ni karibu desturi. Ukiwa ofisini kwa mteja mnamo saa 10, tazama upande wa Nandi. Ukiona weusi umesimama huko, boti ifute, samaki mbakishe. Siku ya boti, vaa jaketi la kuokolea hata ukicheka namna linavyokukaa, patana bei ya boti nzima na si ya kichwa, na umchukue nahodha aliyeandikishwa na kamati ya ufuo. Mwambie mtu wa mapokezi unaenda wapi na unarudi saa ngapi. Mimi ni mwanamke na ni mwenyeji, na bado nafanya hivyo.

Kitu kimoja sikubali kukijadili: giza likishaingia, usitembee ukingoni. Kiboko ana ngozi isiyostahimili jua, ndiyo maana mchana hujificha majini. Usiku hutoka kula majani nchi kavu, tena huwa na njia zake alizozizoea. Watu hudhani hatari ni kumkuta majini. Hatari kubwa ni kusimama kati yake na maji, kwa sababu akishtuka maji ndiyo kimbilio lake, na wewe uko njiani. Mnyama yule hukimbia kuliko wewe. Ukiwa mezani penye taa na watu, sawa. Kupiga picha ya mbalamwezi peke yako kwenye nyasi, hapana. Na miguu majini pia usitie, hata mchana: konokono wa maji ya kina kifupi hubeba vijidudu vya kichocho, navyo huingia kwa ngozi bila wewe kuhisi kitu.

Sasa mbu. Aliyekuambia alichanganya mambo mawili. Ni kweli kanda ya ziwa ina malaria kuliko sehemu nyingi za Kenya, na mtu asiyeishi hapa hana ile kinga kidogo ambayo wenyeji huijenga kwa kuumwa tangu utotoni. Usilichukulie jambo hili kwa wepesi. Lakini mbu anayebeba malaria huuma zaidi usiku wa manane hadi alfajiri, yaani ukiwa kitandani. Wengi wa wale wanaokuzonga saa 1 jioni ni mbu wa aina nyingine, kero tu, ingawa huwezi kuwakagua mmoja mmoja. Kwa hiyo kufunga dirisha Magharibi halafu ukalala bila chandarua ni kufunga lango na kuacha mlango wazi. Jioni vaa mikono mirefu na suruali au dera refu, paka dawa ya kufukuza mbu miguuni, hasa vifundoni. Usiku, chandarua kichomekwe chini ya godoro. Chumba hakina? Omba, ukinyimwa, badilisha hoteli.

Wala haiwezekani keshoye ikawa malaria. Vimelea huenda kwanza kwenye ini na kuzaliana huko. Homa huja baada ya siku 7 au zaidi, mara nyingi kati ya wiki moja na mwezi. Wewe unayekuja kila mwezi, maana yake ni hii: homa ikikupata Mombasa wiki mbili baada ya kurudi, au hata siku ya pili ya safari mpya, usiseme ni uchovu wa gari. Nenda upimwe damu siku hiyohiyo, na umwambie daktari kwa kinywa chako kwamba ulikuwa Kisumu. Kama una mimba au unapanga, muone daktari kabla ya safari, muongee pia kuhusu dawa za kinga. Hilo si la kumuuliza mwongoza wageni.

Umebakiwa na jioni nyingine tatu, na sikushauri uzijaze zote. Kazi ikiisha saa 10 kwa bahati, pita Hifadhi ya Impala iliyo ukingoni mwa ziwa, ndani ya mji; ilitangazwa rasmi mwaka 1992, na lango hufungwa saa 12 jioni, kwa hiyo ukitoka kazini saa 11 huna muda wa maana. Makumbusho nayo ni ya mchana. Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyopandana, na ule mstari wa Maseno viachie Jumamosi, siku ukiamua kubaki.

Jioni ya mjini mimi huipenda kwa tumbo. Tafuta mkahawa wa vyakula vya kienyeji unaojaza watu wa ofisi, si watalii, na uagize osuga. Ni mnavu, ule mchungu, ila hapa hulazwa na maziwa au malai mpaka uchungu unapungua na kubaki nyuma ya ulimi. Mtu wa Pwani aliyezoea mchicha wa nazi hukunja uso kijiko cha kwanza. Cha tatu hunyamaza. Ule na ugali wa mtama, kwa mkono, na kama yupo kuku wa kienyeji agiza nusu, kwa sababu kuku yule ni mfupa mwingi na mchuzi wake ndio wenyewe. Ukimwambia mhudumu “oimore” ukiingia na “erokamano” ukitoka, jioni njema na ahsante kwa Kijaluo, utaona meza yako inavyopanguswa mara mbili.

Jihadhari na Jumanne na Jumatano. Hizo ni usiku za mpira wa Ulaya, na kila penye skrini kubwa hujaa kuanzia saa 3 na kelele huendelea hadi saa 7. Ukipenda mpira, hakuna mahali salama zaidi kwa mwanamke kuliko ukumbi ambao wanaume wote wanatazama upande mmoja. Usipoupenda, kula mapema uondoke.

Kuhusu kilabu, wenzako hawakukosea kabisa, walikosea siku. Muziki wa hapa si kilabu tu. Benga ilizaliwa Nyanza, gitaa lile linalokimbia kama linajibu swali, na ohangla ni ngoma ambayo hata aliyekaa huchezesha bega. Lakini bendi nzuri huanza kukolea usiku sana na mwisho wa wiki. Jumanne utakuta kinanda na mwimbaji mmoja. Siku moja panga kubaki hadi Jumamosi, uende na mtu anayepajua, kaa meza ya karibu na mlango, na soda yako ifunguliwe mbele yako.

Usalama kwa jumla: katikati ya mji kuna watu mpaka saa 2 hivi, baadaye mitaa hunyamaza haraka. Hadi hapo tembea, baada ya hapo panda teksi ya kuitwa kwa simu au dereva unayemjua. Bodaboda usiku siipendekezi, si kwa sababu ya wezi bali kwa sababu ya mashimo na wenye kukimbia bila taa. Siku mji ukiwa na joto la siasa, uliza mapokezi kabla ya kutoka. Watakuambia barabara gani uikwepe, na wakisema kaa, kaa.

Kuna jambo umeligusa kwa mbali na sitaki nilipite. Kula chumbani mbele ya televisheni jioni moja ni kupumzika, na usione haya. Mimi mwenyewe nikisafiri kikazi Nakuru jioni ya kwanza huwa natazama dari tu. Jioni nne, mwezi baada ya mwezi, ni habari nyingine. Upweke wa msafiri huwa unatulia ukiwa na sura mbili tatu zinazokujua: mpishi yuleyule wa Dunga, dereva yuleyule wa tuktuk. Kwa hiyo rudi palepale badala ya kutafuta pahala papya kila mara. Lakini ikiwa hata ukirudi Mombasa usingizi haupatikani, chakula hakina ladha, na watu wako wanakuchosha, hapo siyo Kisumu inayokuumiza. Zungumza na daktari au mshauri nasaha, uso kwa uso, mapema.

Tumalizie na mama. Alhamisi jioni, ukiwa kwa mpishi wako, mwambie akukaangie ngege wawili wakavu kabisa, bila mchuzi, na umwachie chumvi tu. Waache wapoe wazi usiku kucha kwenye friji ya hoteli. Ukiwafunga wakiwa moto, mvuke utawalainisha na watachacha njiani. Asubuhi wazungushie magazeti, uwatie kwenye boksi la karatasi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu 2017, na hata isingepigwa, samaki hapumui ndani yake. Tia na kibaba cha omena kando, atakuwa anawaita dagaa. Umwambie asimtie huyo ngege nazi siku ya kwanza. Amrudishe mafutani kidogo, amle na ndimu na pilipili, ndipo aseme.